Jina Nililolipeleka Isiolo

Jumapili, 6 Aprili

Sauti moja ya jana haijanitoka: kambare akilia. Sikujua kwamba samaki ana sauti. Mzee Lochoro, mvuvi anayenifundisha, alimtoa majini, akamlaza mchangani, na yule samaki akakoroma mara mbili kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Mzee akampiga kichwani kwa rungu, pigo moja, kisha akaendelea kunieleza habari za jino lake linalouma.

Niko Merti wiki ya pili. Mchungaji Akaale wa kanisa letu la Isiolo anaamini kwamba mwinjilisti asiyejua kuvua hajaelewa nusu ya Injili. Wanafunzi wa kwanza wa Yesu walikuwa wavuvi, anasema, kwa hiyo kila kijana anayemtuma akae msimu mmoja karibu na mto, ajifunze, na kila jioni amtumie somo moja alilolipata majini. Wenzangu wawili walicheka, wakapelekwa kwingine. Mimi niliandika kila neno lake. Nafasi ya chuo cha theolojia mwezi wa Septemba inategemea ripoti ya msimu huu, na tangu kidato cha pili sijataka kitu kingine.

Masomo nayatuma kwa simu. Daftari hili nalijaza na yale yasiyotumwa.

Jumanne, 8 Aprili

Chambo cha Lochoro ni kipande cha sabuni ya mche kilichoviringishwa kwenye utumbo wa mbuzi. Kambare hufuata harufu kali, anasema. Tulikaa ukingoni tangu alfajiri. Mto Ewaso una rangi ya chai ya maziwa na bado haujapanda sana.

Mshipi ulitikisika nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Ndoano ikarudi tupu.

"Mbona umevuta?"

"Ameshika, mzee."

"Hajashika. Ameonja. Ngoja imeze, itaondoka na kamba yenyewe, hapo ndiyo unavuta." Akanitazama nilivyokuwa nimefumba macho. "Na wewe unaomba ama unavua? Chagua moja."

Mara ya pili nikavuta mapema tena. Safari hii ndoano ilirudi na kipande cha mdomo, cheupe, kidogo kama ukucha. Mzee akakitoa kwa kidole gumba, akasema, "Sasa huyo ameumia na bado hatumli."

Jumatano, 9 Aprili

Sikupata kitu. Somo nililotuma: subira.

Alhamisi, 10 Aprili

Sikupata kitu. Somo: unyenyekevu. Mchungaji alijibu kwa picha ya mikono inayopiga makofi.

Jumamosi, 12 Aprili

Alasiri nafundisha akina mama kusoma, katika darasa la chekechea, pamoja na mwalimu Yattani ambaye ni mtu wa hapa. Wanawake ni kumi na mmoja, wote Waislamu, wote wananizidi akili katika hesabu. Anayesoma haraka zaidi ni Abiba. Ni mjane wa miaka thelathini hivi, ana kibanda cha chai pale pikapu zinaposimama, na binti mmoja wa miaka minne, Khadra, ambaye huketi chini ya dawati la mamake akila chaki.

Leo nilipita kibandani moja kwa moja kutoka mtoni. Nilinyoosha mkono nimsaidie kibuyu cha maziwa, akakivuta upande.

"Aa-a, mwalimu. Si hii."

"Nimenawa, Mama Khadra."

"Umenawa na maji ya samaki." Waborana wengi wa hapa hawali samaki, wala hawataki harufu yake ikaribie maziwa, kibuyu hufukizwa moshi wa kuni maalumu, na harufu nyingine ikiingia imeharibika kazi yote. Akanimwagia jivu viganjani nisugue, akinusa, akitikisa kichwa. "Bado. Kaa kule. Huyo mnyama ni nyoka tu amepewa mapezi."

Wanaume waliokuwa wakinywa chai walicheka. Nilicheka pia. Nampenda mwanamke huyu. Naandika hivyo hapa kwa sababu kwenye simu nimeandika: "Kuna mama mmoja ambaye moyo wake uko tayari." Sijui nimeutoa wapi huo utayari.

Jumanne, 15 Aprili

Mchungaji alipiga simu. Mwenzangu wa kwanza ana watu watatu, wa pili ana familia nzima. "Na wewe binti yangu, wewe uliye msomi wao? Jumapili ni Pasaka. Watu wanaokuombea wangependa kusikia."

Nilisema, "Yuko mmoja, karibu."

Kwa nini nilisema karibu?

Alhamisi, 17 Aprili

Khadra aliugua. Yattani alinikuta mtoni akasema mtoto anaungua, na Abiba yuko peke yake kwa kuwa shemeji yake Abdinasir amekwenda na ng'ombe. Nilikimbia jinsi nilivyokuwa, na magamba ya matope na harufu yote.

Abiba hakutazama mikono yangu. Alinipa mtoto, akanipa na kibuyu. "Mnyweshe, mimi nachemsha maji." Yule aliyenimwagia jivu nisugue mikono. Nikashika kibuyu cha maziwa kwa mikono ya samaki na hakusema neno.

Mtoto alikuwa moto kama sufuria. Daktari wa zahanati alikuwa njiani. Abiba akachutama karibu yangu.

"Mwombee. Wewe uko na maneno mingi."

Nikaomba kwa jina la Yesu, kwa sauti, kwa muda mrefu. Nilipomaliza akasema, "Amin." Akajifuta uso kwa mtandio. Daktari akafika, akatoa dawa, na kufikia adhuhuri mtoto alikuwa amelala akitoka jasho.

Nilirudi chumbani kwa furaha. Kibuyu. Na ile amin.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimetuma. "Amempokea Bwana jana." Mchungaji akaandika: "Utukufu. Anaitwa nani, tumtaje katika maombi? Mtu huombewa kwa jina." Nikaandika: Abiba, mama wa Khadra, muuza chai, Merti.

Ilinichukua muda mfupi kuliko kufunga chambo.

Pasaka, 20 Aprili

Nimevua kambare wangu wa kwanza. Nilisubiri mpaka mshipi ukaanza kuondoka. Lochoro alinipa rungu nimalize mwenyewe.

Jumatano, 23 Aprili

Khadra amerudi chini ya dawati. Abiba amesoma ukurasa mzima bila kusaidiwa, akapigiwa makofi na wenzake, akainama kama malkia. Baada ya darasa alinipa chapati mbili zimefungwa kwa gazeti.

"Ya daktari wa maneno," alisema.

Nilitaka kumuuliza. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni: ile siku, uliposema amin, ulimaanisha nini? Sikuuliza, kwa sababu nilijua angejibu nini. Kwa hiyo nilijua. Kwa hiyo nilijua hata Ijumaa Kuu.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua. Sikwenda mtoni.

Jumanne, 29 Aprili

Lazima niandike hili lilivyokuwa.

Saa nne asubuhi nilikuwa kibandani nanywa chai. Pikapu ya Isiolo ilikuwa imefika. Utingo wake, kijana mcheshi anayeitwa Mahat, aliketi kwenye benchi na simu yake. "Kuna shangazi wa rafiki yangu huko mjini amenitumia kitu," alisema. "Ngojeni msikie, kuna mtu wa hapa amekuwa nyota."

Akaweka simu mezani kwa sauti ya juu. Nilimtambua Mchungaji Akaale kabla hajamaliza neno la kwanza. Ilikuwa ibada ya Pasaka. Alisema dada yetu Nakal ametupa ndoano katika maji magumu, na tazameni, Bwana amejibu. Kisha akalitaja. Abiba, mama wa Khadra, muuza chai, Merti. Halafu makofi, watu mia tatu, na kinanda.

Mahat alidhani ni mzaha. Alikuwa anatabasamu, akitazama nyuso moja baada ya nyingine, na tabasamu likawa linamtoka polepole. Mzee mmoja aliweka kikombe chake chini kikiwa kimejaa. Hakuna aliyesema kitu kibaya. Waliinuka mmoja mmoja, wakasema salaam aleikum, wakaenda.

Abiba aliendelea kumimina chai. Alijaza vikombe vitatu vya watu waliokwisha kuondoka. Kisha akaweka birika.

"Nakal ni wewe?"

Wiki zote hizi ameniita mwalimu. Nikasema ndiyo.

"Sawa," akasema. Akaanza kuosha vikombe, na mimi nikaondoka kama wale wengine.

Jumatano, 30 Aprili

Darasani walikuja wanne. Abiba hakuja. Nilimfuata kwake. Alinikaribisha ndani, akanipa kigoda, akabaki amesimama.

"Mtoto alikuwa anaungua," alisema. "Hata angekuja mganga na kuku ningesema amin. Isa ni nabii, sikuona ubaya. Wewe ulikuwa rafiki yangu, unaomba na roho yako yote, nikasema amin. Hiyo ndiyo niliuza dini?"

"Hapana."

"Ulijua hapana?"

Nilisema nilikosea kuelewa. Nilisema tena nilikosea kuelewa. Hata pale, mbele yake, nilichagua neno la msomi.

"Basi waambie," alisema. "Mimi nikisema, watasema naogopa. Nikinyamaza, watasema ni kweli. Mwenye kujua ni wewe peke yako. Sema na mdomo yako, kwa hao watu wa makofi na kwa watu wa hapa."

Nilimwahidi.

Ijumaa, 2 Mei

Mama mkwe wa Abiba, Gababo, amekuja kutoka Biliqo na kumchukua Khadra. Hakukuwa na ugomvi. Abdinasir, mwanawe, alinieleza yote nje ya shule, kwa upole ulionichoma kuliko matusi.

"Mama yangu amesema mtoto wa marehemu kaka yangu akae kwake mpaka jambo hili lijulikane. Mimi shemeji yangu simtupi, mwalimu. Lakini watu wanaulizana, na mama ni mzee, anasikia kila kitu. Nakuuliza mara moja tu, halafu siulizi tena. Ni kweli?"

Nilisema, "Nitalizungumza na mchungaji wangu kwanza."

Akainamisha kichwa. Akaenda zake. Alikuwa ameuliza jambo la ndiyo au hapana.

Jumamosi, 3 Mei

Mchungaji hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika. Alisema amesikitika kwa habari ya mtoto na atafunga siku tatu. Kisha: "Lakini binti yangu, hakusema amin?"

"Alisema."

"Na uliomba kwa jina la nani?"

"La Yesu."

"Basi usiwe mwepesi wa kung'oa kilichopandwa. Ukisimama leo useme ilikuwa uongo, nani atawaamini wenzako? Na mwezi ujao nakupeleka mbele ya bodi ya chuo. Nyamaza kidogo. Mambo haya hupoa."

Ananipenda kweli. Alinilipia sare ya shule nilipokuwa sina baba. Nilisema ndiyo, mchungaji.

Jumatatu, 5 Mei

Maji yamepanda. Sikuenda kwa Abiba.

Jumanne, 6 Mei

Maji yamepanda tena. Sikuenda.

Jumatano, 7 Mei

Nilipita barabara ya nyuma ili nisipite kibandani. Nilimwona kwa mbali. Alikuwa amekaa, jambo ambalo sijawahi kuliona saa hiyo. Madawati ya darasani yote matupu isipokuwa mawili. Yattani alifundisha, mimi nikapangusa ubao uliokuwa safi.

Ijumaa, 9 Mei

Sikuenda.

Jumamosi, 10 Mei

Mto umefunika mahali petu pa kuvulia. Lochoro amehamia juu kwenye mawe. Nilimweleza yote, nikidhani kwa kuwa ni Mturkana mwenzangu na amebatizwa, atanihurumia. Alikuwa anafunga ndoano, hakuinua kichwa.

"Wewe tangu uje hapa unaniambia samaki ni watu, watu ni samaki."

"Ni mfano, mzee. Yesu mwenyewe alisema."

"Mimi simkatai Yesu. Mimi nauliza wewe." Akakata uzi kwa jino lake zima. "Mimi nikitoa samaki, nampiga kichwa, namla, nauza mkia. Hiyo ndiyo natakia samaki. Sasa wewe Abiba ulimtakia nini?"

Nikaanza kusema wokovu. Neno lilikuwa la kweli. Ninaamini, hata leo ninaamini, kwamba kile nilichopewa ni chema na mtu akikipenda atakigawa. Lakini nilikumbuka simu mkononi Ijumaa Kuu, na jinsi nilivyoisubiri ile picha ya makofi. Sikumtakia Abiba kitu. Nilimtaka kwenye ripoti.

"Umenyamaza," alisema Lochoro.

"Ndiyo."

"Na kule Biliqo mtoto analia mama yake. Toka hapa, unafukuza samaki."

Jumatatu, 12 Mei

Nilijirekodi mara tisa. Ya kwanza ilikuwa na dakika sita na mistari mitatu ya Biblia. Ya tisa ilikuwa hivi: "Mimi ni Nakal. Siku ya Pasaka mlisikia jina la mama mmoja wa Merti. Hakubadili dini na hakuniambia kwamba amebadili. Mtoto wake alikuwa mgonjwa, nikaomba, akaitikia kama mzazi yeyote. Nilijua hivyo nilipoandika ripoti. Mchungaji alitangaza alichoambiwa na mimi. Kosa ni langu. Tafadhali yeyote aliyesambaza ile ya kwanza asambaze na hii."

Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la kanisa saa tatu asubuhi. Nikaipeleka pia kwa Mahat. Halafu nikaenda kibandani, nikawakuta wanaume wawili tu, nikasema yale yale nikiwa nimesimama, kwa mdomo. Mmoja wao alisema, "Mwalimu, kaa basi." Sikukaa. Abiba alikuwa anapepeta moto na hakugeuka.

Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeondolewa kwenye kundi. Mchungaji alipiga mara nne. Ya tano nikapokea. Hakusema mengi. Alisema, "Ningelisema mimi, kwa utaratibu." Nikamwambia najua. Nilimsikia akihema. "Bodi nitaiambia nini?" Nikamwambia aiambie nilichosema, na jina langu aliondoe kwenye orodha ya chuo.

Jumatano, 14 Mei

Abdinasir alinipeleka Biliqo kwa pikapu ya kukodi na dereva wake. Matope yalitushika mara mbili, akashuka akasukuma peke yake, akakataa nisaidie. Njiani aliniambia jambo moja tu: kwamba mama yake ameisikia rekodi lakini haamini sauti isiyo na uso.

Gababo alikuwa ameketi kwenye mkeka nje ya nyumba yake. Khadra alikuwa nyuma yake, ameshika nguo ya bibi, akanitazama kama mtu wa njiani. Mama yule alizungumza Kiborana, Abdinasir akitafsiri, na nilimwona akitafuta maneno ya kupunguza makali, na mama yake akimkemea ayarudishe.

"Anauliza, wewe ndiye uliyesema juu ya mke wa mwanangu?"

"Ni mimi."

"Na ulisema uongo?"

"Ndiyo."

Mbuzi mmoja alikuwa anakula kamba ya mkeka na hakuna aliyemfukuza.

"Anauliza, ulimdanganyia Mungu wako?"

Nilikuwa nimetayarisha mengi. "Hapana, mama. Nilidanganya kwa ajili yangu. Mungu wangu hakuniagiza."

Abdinasir alitafsiri. Gababo alinitazama mikono, sijui kwa nini, kisha uso. Akasema maneno machache akiinuka kwa kushika bega la mjukuu wake.

"Anasema umechelewa siku kumi na mbili. Anasema nimrudishe mtoto kwa mamake leo."

Khadra alilala kwenye mapaja yangu njia nzima ya kurudi, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine. Pikapu iliposimama, Abiba alikuwa barabarani. Alimchukua bila kunigusa. Alimnusa shingo, nywele, viganja. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini ili Abdinasir asisikie:

"Umesema, nimesikia. Lakini ukija kwangu watu wanahesabu ni mara ngapi. Ukinisalimu wanaangalia. Usije tena, mwalimu. Wacha nikae na mtoto."

Nikasema sawa.

Jumapili, 18 Mei

Niko Isiolo, kwa mama yangu. Yeye ameenda kanisani, mimi nimebaki na daftari.

Jumatano ile ile, baada ya kushuka kwenye pikapu, nilikwenda kwa Yattani. Nilimpa rejista, chaki na vitabu vya akina mama, nikamwambia Abiba amefika ukurasa wa thelathini na nne na asimruhusu arukie mbele kwa sababu anapenda kubahatisha maneno marefu. Alisema akina mama walikwisha kumuuliza kama darasa litaendelea nikiondoka. Nikamwambia awaambie ndiyo. Pikapu ya akina Mahat ilikuwa inarudi mjini jioni hiyo. Nikachukua mkoba wangu na godoro nikapanda.

Sikumuaga Abiba. Alikuwa ameniomba mambo mawili. La kwanza lilinichukua siku kumi na mbili. La pili nilimfanyia kabla jua halijazama.